Namna ya kusoma kilio cha kumwombolezea Hector

Usianzie mwanzo wa Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki na mji wa Troy. Fungua kitabu cha 24, cha mwisho, usome kwa sauti, polepole. Ndivyo ninavyomwelekeza kila anayeniuliza.

Kwanza mfuate mzee Priam, mfalme wa Troy, usiku, mungu Hermes akimwongoza hadi kambi ya adui kuomba maiti ya mwanawe Hector. Anamshika magoti Achilles, shujaa wa Wagiriki, na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Simama hapo ujiulize kila mmoja anamlilia nani. Priam anamlilia Hector. Achilles anamlilia baba yake, halafu Patroclus, rafiki yake aliyeuawa na Hector. Wanalia chumba kimoja, misiba mbalimbali.

Kisha utazame wajibu. Achilles anaagiza maiti ioshwe na kupakwa mafuta mbali na macho ya Priam: mzee akimwona mwanawe huenda akashindwa kuzuia hasira, naye Achilles akamuua. Kwangu hakuna pazito kuliko hapa. Mtu anaijua ghadhabu yake na anaizibia njia mapema. Ukumbuke pia kwamba mama yake, Thetis, alishamwambia: Hector akifa, zamu yako inafuata. Anayetoa maiti ya mwenzake anajua yake iko karibu.

Sehemu ya wanawake usiipite haraka. Andromache, mke wa Hector, anamwonea uchungu mwanawe mchanga ambaye hatakua. Hecuba, mama wa Hector, anafuata. Helen, mwanamke aliyepiganiwa katika vita hivyo, ndiye wa mwisho, na anachokumbuka ni kwamba Hector hakuwahi kumtolea neno baya.

Halafu rudi uhesabu siku za kusitisha vita ambazo Priam alimwomba Achilles: 9 za kulia, ya 10 mazishi, ya 11 kujenga kaburi, ya 12 vita, ikibidi.