Somo: Kujenga feza mbili ndani ya boksi moja, na swichi ya kuzipanga utakavyo

Haya wapenzi wa gita, wengi mmeniuliza hii pedali yangu, boksi la kukanyaga la kubadili sauti ya gita, nimeijengaje basi leo nimekaa niwaeleze. Na kabla hamjacheka, ni feza ya sauti (phaser kwa Kiingereza) sio fedha, hii haikupi pesa, inakula zako.

Feza ya kawaida kama MXR Phase 90 ya 1974 ina hatua nne za kugeuza wimbi, na wimbi lililogeuzwa likichanganywa na sauti asili baadhi ya masafa yanafutana, kila hatua mbili zinakupa bonde moja, yaani pengo pale masafa yalipofutika, na osileta ya polepole (saketi inayopanda na kushuka yenyewe) inayavuta mabonde hayo juu na chini ndio unasikia ile sauti ya kuzunguka. Miaka ya 70 Musitronics walitoa Bi-Phase, feza mbili za hatua sita sita kwa boksi moja. Sisi tunafanya ya kimaskini, bodi mbili za hatua nne nne, tuziite A na B.

1. Pima jefeti zako (JFET, transista za miguu mitatu) kwanza, usilehemu kitu. Hapa ndipo watu wanaharibu. Bodi moja inataka jefeti nne zinazofanana, mimi natumia 2N5952. Mguu wa dreni mpe volti 9, wa geti upeleke graundi, wa sosi upitishe resista ya 10k (ohm elfu kumi) hadi graundi, halafu weka mita kwenye sosi usome. Nne zikiwa zimepishana volti 0.02 hivi, kundi limepatikana. Sasa ukishaishika kwa vidole inapata joto na namba inatembea, na kwa joto letu la hapa ndio kabisa, basi ichomeke kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kujaribia saketi), zima feni, hesabu mpaka thelathini ndio uandike. Nilinunua 25, nikapata makundi mawili tu. Bodi A na bodi B si lazima zifanane, jefeti nne za ndani ya bodi moja ndio lazima.

2. Jenga bodi zote mbili kwa saketi ileile, kila moja na volyumu yake ya spidi. Osileta itilie chipu ya TL062 maana inavuta umeme kidogo, la sivyo utasikia tiki tiki tiki nyuma ya gita kama saa ya ukutani. Laini ya umeme ya kila osileta weka resista ya ohm 100 na kapasita ya 100µF.

3. Zungusha trimpoti (resista ndogo ya bodi inayorekebishwa kwa bisibisi) polepole huku unapiga kodi za gita. Kuna mahali padogo sana sauti inaamka, ukipitiliza inalala tena. Wengi wanafika hapa wanasema bodi imekufa na kumbe haijaamshwa.

4. Swichi ya kupanga, na hii ndio roho ya kazi. Chukua swichi ya miguu sita. Gita liingie kwenye bafa (saketi inayopitisha sauti bila kuidhoofisha), toka bafa liende A moja kwa moja. Upande wa kwanza wa swichi, mguu wa kati ni mlango wa B, huku (foleni, A kisha B) unakutana na mlango wa kutokea wa A, huku (sambamba, A na B kwa pamoja) na bafa. Upande wa pili, mguu wa kati unaenda kwenye resista ya 10k ya kuchanganyia, upande wa foleni mguu uache mtupu, upande wa sambamba unganisha na A. Mlango wa kutokea wa B una 10k yake hapo hapo wakati wote, na baada ya hizo resista weka bafa nyingine. Raha yake yakhe, kwenye foleni B inapita peke yake na kwenye sambamba zinagawana, kwa hiyo sauti hairuki ukibonyeza.

Boksi liwe la alumini, na jeki nunua nzuri, chumvi ya bahari hapa Mombasa haina huruma.

Maswali

Kisauni: Kaka mimi nikiweka sambamba besi zinapotea, gita linakuwa kama redio ya simu.
Jibu: Bodi moja inapindua wimbi lote juu chini na nyingine haipindui, zinafutana. Rudi kwenye bodi zako utafute zilipotofautiana, ndio maana nikasema saketi ileile.

Likoni: Nataka A iende ampu hii na B ampu ile, yawezekana?
Jibu: Sana. Weka jeki ya pili yenye mguu wa kukata, plagi ikiingia A inatoka kwenye mchanganyo inaenda peke yake. Weka spidi mbili tofauti kidogo, halafu simama katikati.

Mji wa Kale: Na udi wenye pikapu (kinasa sauti) je, wazee wa taarab watanifukuza?
Jibu: Wazee siwasemei. Udi unakubali, spidi ya chini kabisa, tumia A peke yake kwa ile jeki ya pili, na bafa ya kuingilia mpe resista ya 1M (ohm milioni moja) maana pikapu za piezo zinataka hivyo.

Changamwe: Adapta yangu inavuma.
Jibu: Jaribu betri ya volti 9. Mvumo ukikata, tatizo ni adapta. Usipokata, angalia graundi ya boksi, mara nyingi imeguswa rangi badala ya chuma.