Jinsi ya kula chakula cha kisiwani bila kuumwa tumbo na bila kukosa utamu wake

Mi kazi yangu ni kuongoza wageni visiwani, vile visiwa vya joto vyenye minazi na matumbawe, na kinachoniuma kila msimu ni mtu kapanda ndege usiku kucha halafu anakula tambi na kuku wa friza wiki nzima, eti anaogopa tumbo. Jamani, kisiwani chakula kinakuja kwa njia tatu tu: bahari, shamba au meli. Ukijua sahani yako imetoka wapi na imetoka saa ngapi, hofu yote inapungua. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Siku ya kwanza kula kidogo, angalia sana

Mwili umechoka na joto bado hujalizoea, kwa hiyo kula kitu kimoja kinachotoka jikoni kikifuka mvuke, basi. Muda uliobaki tembea uone wenyeji wanakula wapi na saa ngapi. Unatafuta mahali sufuria linaisha na linapikwa jingine. Mi naliamini hilo kuliko meza ndefu ya hoteli iliyopangwa vizuri, maana chakula kikikaa vuguvugu, kati ya nyuzi joto 5 na 60, vijidudu vinazaliana haraka sana.

Hatua ya 2: Jua mashua zinarudi saa ngapi

Uliza mtu yeyote pale ufukweni, atakwambia. Nenda hata kama hununui. Mwombe mvuvi akufunulie shavu la samaki: matamvua yawe mekundu ya damu mbichi, yakishakuwa ya kahawia mshukuru uondoke. Jicho limejaa na linang'aa, halijazama. Bonyeza nyama kwa kidole, ikirudi juu yenyewe sawa, shimo likibaki huyo amelala. Na harufu iwe ya maji ya bahari.

Jodari na vibua wanataka umakini zaidi, kwa sababu wakikaa juani bila barafu nyama yao inatengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za aleji, na hiyo hata ukikaanga vipi haitoki. Mi yamenikuta, nilikula jodari saa kumi jioni mahali fulani, samaki wa tangu asubuhi, ulimi ukaanza kuchonyota kama nimetafuna pilipili wakati hakukuwa na pilipili, ndani ya nusu saa uso mwekundu na kichwa kinagonga. Tangu siku hiyo ulimi ukichonyota bila sababu naacha hapohapo, hata kama ni tonge la kwanza.

Hatua ya 3: Uliza ni samaki gani, na alikuwa mkubwa kiasi gani

Hii wageni wengi hawaijui kabisa. Kuna sumu inaitwa sigwatera, inatoka kwa viumbe vidogo sana vya jamii ya mwani kwenye matumbawe, samaki wadogo wanakula ule mwani, wakubwa wanakula wadogo, sumu inarundikana kwa yule mkubwa wa mwisho. Ipo Karibi, Pasifiki na Bahari ya Hindi. Haina harufu, haina ladha, haifi kwa moto wala kwa friza. Kwa hiyo mzia mkubwa, mkunga na chewa mzee wa kwenye mwamba waache wapite. Mtu akitapika na kuharisha halafu midomo ikafa ganzi, au akashika maji baridi akasema yanaunguza, mpeleke hospitali haraka. Wavuvi wa hapo wanajua mwamba upi una shida, waulize wao.

Hatua ya 4: Samaki mbichi wa ndimu

Fiji wanaita kokoda, Ufilipino kinilaw, Tahiti nao wanamchanganya na tui la nazi, na ni mtamu sana. Lakini ndimu inageuza rangi na ugumu wa nyama tu, haiui minyoo yote. Kula pale ambapo umemuona samaki mwenyewe asubuhi, au uulize kama aligandishwa kwanza (nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 inaua minyoo). Mjamzito na mwenye kinga dhaifu aruke hatua hii.

Hatua ya 5: Ingia shambani

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Majimbi, muhogo, ndizi, shelisheli. Shelisheli la Karibi lina safari yake, Kapteni William Bligh alilitoa Tahiti, mara ya kwanza mabaharia wakamwasi njiani mwaka 1789, akarudia tena akalifikisha Jamaika mwaka 1793 ili wenye mashamba wapate chakula cha bei rahisi cha kuwalisha watumwa. Leo watu wanalichoma kwa raha zao.

Ukifika Samoa jitahidi uwepo Jumapili asubuhi wakati wa umu, yaani tanuri la mawe ya moto. Mawe yanapashwa moto hadi yanakuwa meupe, wanapanga shelisheli na vifurushi vya majani machanga ya majimbi yenye tui, wanafunika na majani mapana. Wakifunua, ule moshi mtamu unakujia usoni, shelisheli limeungua nje jeusi, wanalikwangua, ndani ni njano na laini kama mkate.

Majani na viazi vya majimbi visiive nusu nusu, vinawasha koo. Muhogo mchungu usiuguse mbichi. Na Jamaika tunda la ackee ni lazima liwe limepasuka lenyewe mtini, likiwa changa lina sumu kali.

Hatua ya 6: Vinywaji na pilipili

Dafu likatwe mbele yako. Barafu uliza imetengenezwa na maji gani. Pilipili ikikuzidi kunywa maziwa, maji yanaisambaza tu.

Hatua ya 7: Ukialikwa nyumbani

Nawa, subiri uone mwenyeji anaanzaje, fuata. Kama una aleji ya kamba, kaa au karanga iseme kabla chakula hakijapikwa, tena iandike kwenye karatasi kwa lugha ya pale.

Hatua ya 8: Tumbo likichafuka

Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vya kusawazisha, koroga, kunywa kidogo kidogo. Damu, homa kali au siku mbili bila nafuu, nenda kwa daktari. Likitulia, anza na ndizi ya kuchemsha, kesho yake rudi ufukweni mashua zinapoingia.