Bega likiteguka: la kufanya kabla na baada ya kurudishwa

Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea kwenye kombe la bega ni kidogo tena hakina kina: ni chungwa juu ya kisosi. Kinachokizuia kisiteleze ni ukingo wa gegedu, mfuko wa kano na misuli minne midogo inayokikumbatia. Bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote, na kwa viungo vikubwa ndilo linaloongoza kwa kuteguka.

Hatua ya 1: Tazama. Mvue shati ukianza na mkono usioumia, kisha linganisha mabega. Mara 9 kati ya 10 au zaidi mfupa hutoka kwa mbele. Duara la bega hupotea, ncha ya juu huchongoka na chini yake panakuwa na bonde; majeruhi huushika mkono ulioumia kwa ule mzima. Kutoka kwa nyuma ni nadra, hutokea hasa baada ya kifafa au kupigwa shoti: mkono hugandia tumboni, haugeuki nje. Eksirei ya mbele peke yake inaweza kulikosa hili, kwa hiyo ombeni na ya pembeni.

Hatua ya 2: Pima mtiririko wa damu na neva (mishipa ya fahamu). Watu wengi huiruka hatua hii. Tafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Gusa kwa kidole sehemu ya nje ya bega, pale panapochomwa chanjo, na uulize kama anahisi sawa na upande wa pili. Pakiwa na ganzi, neva inayozunguka shingo ya mfupa huenda imevutika. Mwambie ainue kiganja na kutanua vidole. Andika majibu pamoja na saa; bila maandishi hayo, hakuna atakayejua kama ganzi ililetwa na ajali au na kurudishwa. Mkono ukiwa wa baridi au hauna mapigo, msisubiri chochote.

Hatua ya 3: Usivute, usichue. Pengine mfupa umevunjika pia, na macho hayaoni. Ukivuta unaweza kutenganisha kipande, kuikata neva au, kwa mzee, kuchana mshipa wa damu. Fundi wa viungo wa mtaani hana eksirei.

Hatua ya 4: Tuliza. Mkalishe. Weka mto mdogo au nguo iliyokunjwa kati ya mkono na mbavu, kisha funga kanga shingoni ibebe mkono ulivyo, bila kuulazimisha kifuani. Vua pete na saa kabla vidole havijavimba. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hadi 20. Asile wala kunywa, maana huenda akapewa dawa ya usingizi.

Hatua ya 5: Hospitalini. Kwa kawaida hupigwa eksirei, bega hurudishwa, hupigwa nyingine, kisha hatua ya 2 hurudiwa.

Baadaye. Mkono hukaa kwenye kitambaa wiki 1 hadi 3, lakini vidole, kifundo na kiwiko vianze mazoezi siku hiyohiyo. Mkao wa kurusha jiwe, mkono juu na nje, ndio unaolitoa tena, uepukwe kwanza. Michezo ya kugongana isubiri kama miezi 3. Kijana wa chini ya miaka 20 ndiye mwenye hatari kubwa ya kuteguka tena. Aliyevuka 40 hasumbuliwi sana na hilo: akishindwa kuinua mkono wiki mbili baadaye, apigwe altrasaundi, maana huenda kano ya misuli ile minne imechanika.