Kuosha injini Mombasa: maji matamu, presha ndogo

Gari la Mombasa halili vumbi tu. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi hunata kwenye mafuta yaliyovuja, na uchafu huo huzila temino za betri na soketi za nyaya taratibu. Kwa hiyo kuosha kuna faida, ila angalia maji kwanza. Visima vingi vya kisiwani ni vya munyu. Ukisuuzia maji hayo, chumvi umeirudisha pale pale. Tafuta maji matamu, lita 10 zinatosha.

1. Injini iwe baridi: kiganja kikae juu ya kifuniko cha vali bila kuungua. Ekzosi yenye moto ikimwagiwa maji yaweza kupasuka. Asubuhi kabla ya safari ndiyo saa yake.

2. Toa temino ya hasi, mara nyingi kwa spana namba 10. Kama redio hudai namba ya siri, uwe nayo mkononi.

3. Funika alternata (inayochaji betri), boksi la fyuzi, koili za plagi na mdomo wa kuvuta hewa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, tumia nailoni ya kufunikia chakula na utepe wa gundi. Hesabu vipande ulivyofunga: kimoja kikisahauliwa, beliti itakivuta au ekzosi itakiyeyusha.

4. Nyunyiza dawa ya kutoa grisi inayosuuzwa kwa maji, subiri dakika 3 hadi 5, isikaukie. Sugua kwa brashi ya rangi, na kwenye pembe kwa mswaki mkuukuu.

5. Suuza kwa chupa ya kunyunyizia au kopo, kidogo kidogo. Mashine ya presha iache kwa magurudumu. Hapa ndipo magari mengi huharibika: presha hupenyeza maji kupita raba za soketi, nayo hayatoki tena. Wiki kadhaa baadaye, ukifungua soketi utakuta shaba imekuwa kijani.

6. Fungua vifuniko vyote, futa, acha boneti wazi juani kwa saa moja. Rudisha temino, washa dakika 10, sikiliza.

Maswali

*Fundi, nimeosha na sasa injini inatetemeka, taa yake inamwekamweka. Niendeshe ikauke yenyewe?*
Hapana ndugu yangu, zima. Maji yameingia kwenye tundu la plagi. Ng'oa koili, tazama chini kwa tochi. Utayaona yametuama kuzunguka plagi. Yafyonze kwa kitambaa au yapulize kwa upepo kabla ya kugusa plagi yenyewe. Ukiendesha hivyo, petroli isiyoungua huingia ekzosini na kuunguza katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), na bei yake ni chungu.

*Dizeli si hutoa grisi vizuri?*
Hutoa, kisha hulainisha na kuvimbisha mipira ya injini, na mabaki yake hukamata vumbi. Petroli ndiyo kabisa usiiguse: cheche moja tu.

*Betri yangu ina unga mweupe.*
Toa temino zote mbili, hasi kwanza. Koroga kijiko 1 cha bikaboneti katika kikombe cha maji ya moto, sugua, suuza, kausha, paka vaselini. Vizibo vya betri viwe vimefungwa.

*Na haibridi, gari la petroli na umeme?*
Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkali. Hapo maji yasimwagwe kabisa: kitambaa chenye unyevu tu, gari likiwa limezimwa.