Fundi wa haraka baada ya maafa

Maji yakishapungua au tetemeko likishatulia, hachelewi kubisha hodi fundi usiyemjua. Ana mabati yaliyobaki kwenye kazi nyingine, bei ni ya leo tu, na anataka hela yote mkononi. Usimpe. Mwambie aandike kazi, bei na siku ya kumaliza, kisha umtafute mtu ambaye fundi huyo amewahi kumjengea. Lipa kwa awamu, kadiri kazi inavyoonekana kwa macho, na fungu la mwisho ubaki nalo hadi ukague. Karatasi yenye nafasi tupu usiitie saini, hasa kama inagusa bima yako. Piga picha uharibifu wote kabla hujagusa kitu, halafu zungumza na kampuni ya bima wewe mwenyewe.

Anayejiita ofisa wa misaada akidai ada ya usajili, mshuku hapo hapo, hata akiwa na kitambulisho shingoni (siku hizi vinachapishwa popote). Namba yako ya siri haimhusu. Na ukitaka kuchangia waathirika, achana na kiungo ulichotumiwa. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya shirika unalolifahamu.