Jinsi ya Kuendesha Kliniki ya Watoto Wenye Homa ya Baridi Yabisi na Maradhi ya Moyo Mombasa

Kabla hujatafuta chumba, kitanda au mashine, nunua daftari kubwa lenye jalada gumu, kwa sababu kazi yote itasimama juu yake. Homa ya baridi yabisi huanza wiki mbili au tatu hivi baada ya koo kushambuliwa na bakteria wa streptokokasi, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo huvimba kisha hupona, lakini kila homa inaporudi huzidi kuzitia makovu vali za moyo, yaani vilango vinavyoielekeza damu ndani yake, mpaka mtoto aliyekuwa akikimbia anashindwa kupanda ngazi. Sindano ya benzathini penisilini huizuia homa isirudi, ila haifuti kovu lililokwisha kuwapo. Ndiyo maana mtoto ambaye hakufika kliniki ndiye wa kwanza kushughulikiwa.

Kila mtoto awe na ukurasa wake: uzani, hali ya vali, tarehe ya sindano iliyopita na ya ijayo, shule na madrasa yake, nambari mbili za simu, na njia ya kufika kwao kwa alama ambazo mtu wa mtaa atazitambua, kama vile msikiti, kisima au duka. Usiandike "arudi mwezi ujao". Sindano hutolewa kila baada ya siku 28, au 21 kwa aliye katika hatari kubwa, na anayefuata miezi ya kalenda atapata sindano 12 kwa mwaka badala ya 13. Siku 28 ni wiki nne kamili, hivyo aliyechomwa Jumatano hurudi Jumatano, na mama hana haja ya kuhesabu.

Siku hiyo ichaguliwe kwa kuzingatia maisha ya hapa. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili watoto wengi wako madrasa, Ijumaa adhuhuri kuna swala, na wa Likoni wana feri ya kuvuka. Mimi ningechagua Jumatano alasiri, tena ningeomba zahanati ya Likoni iwachome sindano watoto wa upande ule, ili wavuke kwa ajili ya vipimo vya moyo tu. Ramadhani nayo haisogezi tarehe. Maulamaa wengi husema sindano ya dawa isiyo ya lishe haibatilishi saumu, lakini jibu hilo huwatuliza wazazi zaidi likitoka kwa imamu wao kuliko kwa muuguzi, kwa hiyo mwendee mapema kabla mwezi haujaandama.

Sindano hii inauma sana, na mtoto asidanganywe. Bonyeza mahali pa kuchoma kwa kidole gumba kwa sekunde 10, kisha uisukume dawa polepole ndani ya msuli. Mpime uzani kila anapokuja, kwani yuniti 600,000 ni za mdogo, na akikaribia kilo 30 hupewa 1,200,000. Uliza habari za mzio kila mara, adrenalini, dawa ya kumwokoa aliyepatwa na mzio mkali, iwe tayari mezani, na mtoto asubiri nusu saa kabla ya kuondoka. Yule ambaye vali zimeharibika vibaya, anayehema akilala au aliyevimba miguu, asichomwe kabla daktari wa moyo hajaamua, maana anaweza kuzirai ghafla. Penisilini ya vidonge mara mbili kwa siku huwa salama zaidi kwake.

Si kila anayelalamikia viungo aingizwe daftarini. Pwani kuna selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita, ambayo huleta maumivu ya mifupa na, kwa upungufu wa damu, mvumo moyoni, yaani sauti ya ziada moyo unapodunda. Basi damu ipimwe mapema. Maumivu ya homa ya baridi yabisi huhama, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Goti lililovimba zaidi ya wiki 6 na kukakamaa asubuhi huenda lina ugonjwa mwingine. Mtoto anayerusharusha mikono bila kutaka mara nyingi husemwa kuwa ana pepo, kumbe huenda ni homa hii hii. Mpokee bila kumkemea mzazi, umpeleke hospitali ya rufaa akapimwe moyo.

Jioni, kabla ya kufunga mlango, soma majina ya wasiofika. Kesho yake piga simu. Siku ya tatu mhudumu wa afya wa mtaa abishe hodi, asigombeze, aulize tu: ni nauli, ni maumivu, au kuna aliyesema mtoto amepona?

Mwenye vali zilizoathirika huendelea na sindano kwa miaka 10 au zaidi, kwa hiyo wengi watakua na kupita umri wa kliniki yako ya watoto. Msichana aelezwe mapema, kabla ya kuolewa, kwamba mimba huulemea moyo wenye vali mbovu. Anapohamia kwa watu wazima, mkabidhi nakala ya ukurasa wake mwenyewe, wala usilifute jina lake mpaka upate habari kwamba amechomwa sindano ya kwanza huko.