Somo: Wavu unaojigawa wenyewe (soma hadi mwisho kabla ya kuuliza)

Swali ni lile lile: programu ya kukokotoa mkazo (nguvu inayobeba kila kipande cha eneo ndani ya chuma) huligawa umbo kuwa wavu wa vipande vidogo, yaani elementi, vinavyokutana kwenye pointi ziitwazo nodi; nitaifanyaje igawe zaidi yenyewe, pale penye kosa tu? Nimelijibu hadi vidole vikachoka. Atakayeniuliza tena namleta hapa.

Hatua 1. Tatua kwa wavu wa elementi kubwakubwa. 200 zinatosha kuanzia.

Hatua 2. Kadiria kosa. Mkazo unaotoka kwa programu huruka ukivuka kutoka elementi moja hadi jirani yake, na ndani ya chuma hakuna mruko huo. Tafuta wastani kwenye kila nodi, upate mkazo laini, kisha toa ule wa awali. Tofauti ndiyo kadirio. Ni mbinu ya watafiti Zienkiewicz na Zhu, 1987. Chuma kikikutana na zege usichanganye wastani wao. Hapo mruko ni wa kweli.

Hatua 3. Panga elementi kuanzia yenye kosa kubwa. Jumlisha miraba ya makosa hadi nusu ya jumla yote. Hizo ndizo za kugawa.

Hatua 4. Gawa, rudi hatua ya 1 utatue tena kwa wavu mpya.

Hatua 5. Kusimama. Hapa ndipo nilipoungua. Ilikuwa breketi ya stendi ya tangi la maji, ploti moja Kayole, umbo la L, pembe ya ndani nimeichora kali kama kona ya ukuta. Nikaiambia programu iendelee hadi mkazo wa juu utulie, nikalala. Asubuhi diski imejaa, elementi zimebanana konani kama abiria mlangoni pa matatu, na mkazo bado unapanda. Hautulii kamwe! Kwenye pembe kali ya ndani, hesabu ya elastiki (inayochukulia chuma hurudia umbo lake kikiachiliwa) yenyewe haina kikomo cha mkazo: ukigawa zaidi, namba inapanda zaidi. Na nilikuwa nimeshamwambia fundi wa Industrial Area aongeze unene wa chuma kwa kuamini namba za raundi za mwanzo. Pesa yangu hiyo. Kwa hiyo: chora mviringo halisi wa pembe, simamisha kwa kosa la jumla la nishati, yaani makosa ya hatua ya 2 yakijumlishwa kwa umbo zima, si mkazo wa kona moja (mimi hutumia asilimia 5), na uweke kikomo cha idadi ya elementi. Kikomo, tafadhali.

MASWALI

Kijana wa Kasarani: Yangu imekataa. Saidia.
— Imekataa hatua gani? Imeandika nini? Mimi si mganga.

Otis: Si nigawe wavu wote tu?
— Ukikata upande wa elementi kwa nusu, kwenye bamba zinakuwa mara 4, kwenye umbo nene mara 8. Leptopu ni yako.

Msomi wa Juja: Mkuu, bamba langu lina tundu la duara, halina pembe yoyote. Mbona elementi zinajazana vifungu vifungu kuzunguka tundu?
— Swali tamu. Pembe zipo, umeziweka wewe. Wavu wa kwanza umechora duara kwa vijistari vilivyonyooka, na ukigawa kijistari nodi mpya inakaa katikati yake, ndani kidogo ya duara, si juu ya mzingo wake. Unaboresha poligoni! Kila nodi mpya ya ukingoni isukume hadi umbali wa nusu kipenyo kutoka kitovu cha tundu. Halafu jipime: bamba pana sana likivutwa kuelekea upande mmoja, mkazo wa juu ukingoni mwa tundu ni mara 3 ya ule wa mbali. Ukipata 5, nitumie picha ya wavu tuangalie pamoja.

Msomi wa Juja: Imeshuka! Asante sana. Na stima ikipotea katikati?
— Hifadhi wavu na matokeo kila raundi. Mimi nina UPS (boksi lenye betri linaloshikilia stima ikipotea) ya mitumba ya Luthuli Avenue.

Otis: Hizo za mitumba si hufa haraka?
— Betri ndiyo hufa. Badilisha betri, boksi halina shida.